Trekta Ikizimika Shambani: Pampu ya Dizeli Husingiziwa Mara Nyingi

Mwezi wa Machi unapofika, wakulima wote wa nyanda za juu za Kenya, tangu Nakuru mpaka Kitale, hutazama mbinguni. Mvua kubwa ziko karibu, na mahindi hayamngoji mtu. Mkulima aliyekwisha kulitengeneza shamba lake huipokea mvua kwa furaha, bali yule ambaye bado hajalima huiogopa, kwa kuwa anajua ya kwamba kila juma atakalochelewa kupanda litampunguzia magunia wakati wa mavuno. Basi katika siku hizo hakuna msiba mkubwa kwa mwenye trekta kama kuisikia injini yake ikikohoa, ikipunguza nguvu, kisha ikinyamaza kimya katikati ya shamba.

Jambo hilo likitokea, watu hukusanyika, na neno la kwanza linalosemwa huwa ni hili: "Pampu imekufa." Ni neno jepesi kusemwa, lakini gharama yake si nyepesi. Pampu ya kusukumia dizeli katika injini ndiyo sehemu yenye thamani kubwa katika mpango wote wa mafuta, nayo ikiisha kufunguliwa na mtu asiyeijua, mara nyingi hata ile iliyokuwa nzima huharibika. Mafundi wenye ujuzi wa miaka mingi wanajua ya kwamba pampu hiyo ni kama mtumishi mwaminifu anayesingiziwa makosa ya wengine. Mara nyingi kosa liko mahali pengine, tena mahali ambapo mwenye trekta mwenyewe aweza kupatazama kwa spana mbili na chupa safi.

KISA CHA SHAMBA MOJA

Kisa cha mkulima mmoja wa Uasin Gishu chaweza kuwa mfano kwa wengi. Trekta yake ni Massey Ferguson 135, namna iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1964 katika mji wa Coventry, Uingereza. Ina injini ya Perkins yenye silinda tatu, yenye nguvu za farasi kama 45, na ubavuni mwake kuna pampu ya CAV ya aina iitwayo DPA. Matrekta ya namna hii ni mazee kuliko vijana wengi wanaoyaendesha, lakini yakitunzwa vema bado hulima.

Mkulima huyo alikuwa na ekari kumi na mbili zake mwenyewe, tena alikwisha pokea fedha za jirani wanne ili awalimie. Siku ya kwanza trekta ililima dakika ishirini, ikazima. Ikaachwa ipumzike robo saa, ikawaka vizuri kana kwamba haikuwa na ugonjwa wowote. Lakini baada ya dakika chache ikazima tena. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Fundi kijana akaitwa kutoka sokoni. Akaitazama, akatikisa kichwa, akasema pampu imekwisha, na kwamba afadhali ifunguliwe jioni ile ile ipelekwe mjini. Akatoa spana zake.

Hapo mke wa mkulima, aliyekuwa amesimama kando, akauliza swali moja tu: "Baba watoto, kama pampu imekufa, mbona hufufuka kila ikipumzika?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mkulima akamwambia yule kijana angoje, akatuma mtu kwenda kumwita fundi mmoja mzee ambaye katika ujana wake alifanya kazi ya matrekta katika mashamba makubwa. Mzee akafika asubuhi. Katika mfuko wake mlikuwa na spana chache, chupa ya kioo, sufuria ndogo na vitambaa vilivyofuliwa. Hakuigusa pampu hata kidogo. Kwanza aliuliza: Trekta ilizima ghafula au pole pole? Filta zilibadilishwa lini? Dizeli ilinunuliwa wapi, na ilimiminwa tangini kwa kitu gani? Je, kuna mtu aliyekwisha kulegeza nati yoyote? Baada ya kujibiwa maswali hayo yote ndipo alipokunja mikono ya shati.

KAZI YA PAMPU NI NINI?

Ili kufahamu kwa nini mzee yule hakuwa na haraka, yafaa kujua kwanza jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya moto. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa huingia katika silinda, nayo pistoni huibana mpaka inakuwa ndogo zaidi ya mara kumi na sita kuliko ilivyokuwa. Hewa iliyobanwa hivyo hupata moto mkali sana, na wakati huo huo dizeli hupulizwa ndani kama ukungu mwembamba, ikawaka yenyewe bila kuwashwa.

Mtu aliyegundua injini hiyo ni Mjerumani, Rudolf Diesel, ambaye mashine yake ilifanya kazi vema mwaka 1897. Lakini yeye alipuliza mafuta kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, na chombo cha kuishindilia kilikuwa kizito mno, hata injini zile zikafaa viwandani na melini tu. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch huko Stuttgart kilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta yenyewe bila hewa, na tangu hapo dizeli ikapata njia ya kuingia katika malori na matrekta. Pampu ya DPA ilitokea Uingereza katika miaka ya 1950, ikifuata wazo la Mmarekani Vernon Roosa, la kutumia pampu moja inayozunguka na kuigawia kila silinda sehemu yake kwa zamu, badala ya kuwa na kijipampu kimoja kwa kila silinda.

Kazi ya pampu hiyo ni ya ajabu. Injini ya silinda tatu ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, pampu hupiga mafuta mara 45 kila sekunde. Kwa saa moja ya kulima hupiga zaidi ya mara 160,000. Kila pigo moja hubeba mafuta machache kuliko tone moja la maji, nayo hayana budi kufika katika silinda yake kwa wakati wake barabara. Gurudumu la motokaa hujazwa hewa kwa nguvu ya ratili kama 30 juu ya kila inchi ya mraba. Lakini nozo ya dizeli haifunguki mpaka nguvu ipite ratili 2,000.

Ili pampu iweze kutoa nguvu kama hiyo bila kuvuja, vyuma vyake vya ndani vimekatwa kwa uangalifu mkubwa sana, hata nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Tena vyuma hivyo havina oili yao wenyewe. Dizeli inayopita ndiyo inayovilainisha. Kwa hiyo punje moja ya mchanga ni kama jiwe, na tone la maji ni kutu. Ndiyo sababu pampu haifunguliwi shambani, juu ya gunia, huku upepo ukipeperusha vumbi.

KUYAFUATA MAFUTA SAFARI YAO

Kanuni ya fundi mzee ni rahisi: anza pale mafuta yanapoanzia, yafuate hatua kwa hatua, wala usiruke hatua hata moja. Mafuta hutoka tangini, hupita kwenye bilula, huingia katika pampu ndogo ya kuvutia mafuta, kisha huenda kwenye filta, ndipo yafike kwenye pampu kubwa. Kutoka hapo hupita katika mabomba matatu ya chuma mpaka kwenye nozo. Mahali popote katika safari hiyo pakiziba au pakiingiza hewa, injini hupungukiwa, na aliye mwisho wa njia ndiye anayelaumiwa.

Mzee alianza na kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa, kwa kuwa mafuta yakitoka lazima hewa ichukue mahali pao. Tundu hilo likizibwa na matope, mafuta hukataa kushuka, na injini huzima baada ya muda. Dalili yake ni kwamba kifuniko kikilegezwa husikika sauti ya hewa ikivutwa ndani. Siku ile sauti haikusikika, na tundu lilikuwa wazi. Mlango wa kwanza ukafungwa.

Kisha akalifungua bomba linaloingia katika pampu ndogo, akatega chupa yake chini, akafungua bilula. Mafuta yakatoka kwa nguvu. Yule fundi kijana akasema, "Mzee, mafuta si yanakuja?" Mzee akamjibu, "Ngoja, kijana. Usihukumu kabla chupa haijajaa." Kabla ya kufika nusu ya chupa, mafuta yakapungua, yakawa membamba kama uzi, kisha yakawa matone.

Hapo ndipo ukweli ulipojulikana. Mafuta yakamiminwa katika madebe safi na bilula ikafunguliwa kabisa. Ndani ya tangi bilula hiyo ina chujio dogo la waya lililosimama wima. Chujio lilikuwa limezungukwa na nyuzi za nguo, pamoja na magamba ya kutu na matope meusi. Mkulima akainamisha uso, kwa kuwa alizijua nyuzi zile. Kwa miezi mingi alikuwa akichuja dizeli kwa kitambaa cha shati kuukuu, akidhani anaitunza trekta yake.

Swali la mke wake sasa likapata jibu. Injini ilipokuwa ikivuta mafuta kwa kazi, uchafu ulivutwa ukalifunika chujio. Ilipozima na kupumzika, uchafu ukaachilia na kuelea, njia ikafunguka. Pampu iliyokufa haifufuki kila robo saa. Lakini takataka zilizomo tangini huenda na kurudi.

Tangi likasafishwa, na filta zikafunguliwa. Chini yake yalikutwa maji yenye rangi ya kutu, kiasi cha kijiko. Filta hizo za karatasi hazioshwi kwa petroli na kurudishwa, kama wafanyavyo watu wengine; karatasi iliyooshwa hupasuka au huacha uchafu kupita, na adhabu yake huangukia pampu. Zikawekwa mpya, pamoja na mipira yake mipya.

HEWA NDANI YA MABOMBA

Baada ya kazi hiyo trekta haikuwaka. Mkulima akashikwa na hofu, lakini mzee akacheka. Kila mara mabomba yanapofunguliwa hewa huingia ndani, na injini ya dizeli haiwaki mpaka hewa yote itolewe.

Sababu yake ni hii. Mafuta hayabaniki, ukiyasukuma upande huu, husukuma upande wa pili papo hapo. Hewa hubanika. Mtu akiziba tundu la bomba la baiskeli kwa kidole, kisha akasukuma mkono wa bomba, mkono utashuka na kurudi juu kama spring'i, wala hapana kitu kitakachotoka. Ndivyo ilivyo katika pampu. Povu dogo la hewa likiwamo, nguvu yote ya pigo huishia katika kulibana povu hilo, na nozo haifunguki. Hata trekta inayowaka kisha ikapanda na kushuka sauti yake bila kuguswa, au inayowaka asubuhi na kuzima baada ya dakika moja, mara nyingi ina hewa inayoingia kwa siri kupitia washa iliyochakaa au nati iliyolegea kabla ya pampu. Mahali kama hapo huenda pasivuje mafuta nje, kwa sababu panavuta hewa ndani.

Utaratibu wa kutoa hewa katika injini hii ni huu. Kwanza tangi lijazwe na bilula ifunguliwe. Pili, skrubu iliyo juu ya filta ilegezwe, na kiwiko cha pampu ndogo kipigwe kwa mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha skrubu ikazwe. Kiwiko kikionekana hakina nguvu, injini izungushwe mzunguko mmoja, maana huenda kamu iliyo ndani imekisimamisha. Tatu, zilegezwe skrubu mbili za pampu kubwa, moja ubavuni na moja juu ya kifuniko cha gavana, na kiwiko kipigwe tena mpaka mapovu yaishe. Ikazwe ya ubavuni kwanza, kisha ya juu. Nne, bomba linaloingiza mafuta katika pampu lilegezwe kidogo kwenye nati yake na kutolewa hewa vile vile. Mwisho, nati za mabomba mawili zilegezwe pale kwenye nozo, mkono wa mafuta ufunguliwe wote, kizimio kisukumwe ndani, na stata ipigwe mpaka mafuta yaonekane kwenye nati hizo. Zikikazwa, injini huwaka. Stata isishikwe muda mrefu bila kupumzishwa, isije ikaungua na betri ikaisha.

Jambo dogo la mwisho limewaaibisha mafundi wengi: kizimio kikiwa kimevutwa nje, au waya wake ukiwa umekwama, pampu haitoi mafuta hata hewa itolewe siku nzima. Yafaa kutazama kwa macho kama kiwiko chake kwenye pampu kinarudi mpaka mwisho.

NOZO NA MOSHI

Injini ikawaka, lakini ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Ikiwa inazunguka pole pole, mzee akalegeza nati ya bomba la kila nozo, moja baada ya moja, kiasi cha nusu mzunguko, huku ameifunika kwa kitambaa. Alipolegeza ya kwanza na ya tatu, injini ilishuka nguvu zaidi. Alipolegeza ya pili, sauti haikubadilika. Basi silinda ya pili ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi.

Je, ni kosa la pampu au la nozo? Hapo pia ipo njia ya kujua bila kubahatisha. Nozo ya pili hubadilishana mahali na ya kwanza, zikiwekwa washa mpya za shaba. Kosa likihamia silinda ya kwanza, nozo ndiyo mbaya. Likibaki pale pale, ndipo bomba, pampu, au mbano wa silinda vinapochunguzwa. Siku ile kosa lilihama. Nozo ikapelekwa mjini kupimwa katika mashine yake.

Onyo moja kubwa lazima litolewe. Mtu asiweke kidole wala kiganja mbele ya nozo inayopuliza, wala asitafute uvujaji wa bomba la nguvu kwa mkono. Dizeli inayotoka kwa nguvu ile hupenya ngozi kama sindano. Kidonda chaweza kuonekana kidogo kama cha mwiba, kumbe mafuta yameingia ndani ya nyama, na mtu asipopelekwa hospitali mara moja aweza kupoteza mkono.

Moshi nao una lugha yake. Moshi mweusi una maana ya mafuta mengi kuliko hewa. Lakini kabla ya kuilaumu pampu, litazamwe chujio la hewa, kwa kuwa wakati wa kulima hujaa vumbi na makapi upesi sana. Moshi mweupe ni mafuta yasiyoungua, kwa sababu ya baridi, hewa ndani ya mafuta, wakati mbaya wa kupiga, au mbano hafifu. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua, na pampu haihusiki nao.

PAMPU INAPOKUWA NA KOSA KWELI

Si kweli kwamba pampu haifi kamwe. Zipo dalili ambazo, zikionekana baada ya yote yaliyotajwa kutazamwa, huonyesha kwamba kosa liko ndani yake.

Ya kwanza ni hii: mafuta safi yasiyo na hewa yanafika kwenye pampu, kizimio kiko sawa, stata inazungusha kwa nguvu, lakini hapana mafuta yanayotoka kwenye mabomba ya nozo. Hutokea sana kwa trekta iliyokaa miezi mingi bila kuwashwa. Dizeli iliyozeeka huacha gundi, na valvu ndogo inayopima mafuta ndani ya pampu hukwama.

Ya pili ni trekta inayowaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, lakini ikizimwa adhuhuri ikiwa na moto haiwaki mpaka ipoe. Hii ni dalili ya vyuma vilivyolika. Dizeli ya moto ni nyepesi, nayo hupenya katika nafasi zilizopanuka badala ya kwenda kwenye nozo. Wako watu wanaomwagia maji baridi juu ya pampu ili iwake. Hila hiyo huweza kuithibitisha dalili, lakini si dawa, tena kumwagia maji pampu yenye moto ikiwa inazunguka kwaweza kuikamatisha na kuivunja.

Ya tatu huonekana kwenye kijiti cha kupimia oili. Oili ya injini ikiongezeka badala ya kupungua, nayo ikinuka dizeli, huenda sili ya mhimili wa pampu imeachilia, na dizeli inaingia katika oili. Trekta hiyo isiendeshwe zaidi, kwa maana oili iliyochanganyika na dizeli hailindi vyuma vya krenki, na hasara ya pampu itakuwa hasara ya injini nzima.

Dalili kama hizo zikionekana, pampu itolewe kwa adabu. Injini ioshwe kwanza. Alama ya mstari iliyo kwenye pampu na kwenye injini itazamwe, na kama haionekani ichorwe mpya, ili pampu irudi kwa wakati ule ule. Midomo yote ya mabomba izibwe kwa vifuniko safi. Kisha ipelekwe kwa fundi mwenye chumba safi na mashine ya kuipimia. Skrubu zilizofungwa kwa waya na muhuri wa risasi zisiguswe. Anayezikata ili trekta ipate mbio zaidi huinunua mbio hiyo kwa uhai wa injini.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Maradhi mengi ya pampu huanzia katika mtungi wa mafuta. Dizeli inunuliwe mahali panapoaminika, iwekwe katika chombo kisicho na kutu, iachwe itulie, na ile ya chini isimiminwe. Itiwe tangini kwa mrija wenye wavu mwembamba wa chuma, si kwa kitambaa. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, kwa kuwa usiku wa nyanda za juu ni baridi, na hewa iliyobaki katika tangi tupu hugeuka umande. Kikombe cha filta kimwagwe maji kila mara, na filta zibadilishwe kwa wakati.

Tena mkulima asidanganywe na dizeli ya bei rahisi iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uovu huo ulienea hata Serikali ya Kenya ikaweka mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. Mafuta ya taa huungua, lakini hayalainishi vyuma kama dizeli. Pampu iliyotegemea dizeli iwe oili yake hukauka, hulika, na hatimaye hukamata. Shilingi chache zilizookolewa kwenye mtungi hulipwa mara nyingi mjini.

Huko Uasin Gishu nozo ilirudi kutoka mjini siku ya pili, ikafungwa, na hewa ikatolewa. Safari hii aliyeifanya kazi hiyo ni yule fundi kijana, mzee akiwa amekaa kando na kikombe cha chai. Trekta ikawaka, ikalima mpaka giza likaingia, na kesho yake tangu alfajiri. Mvua ilianza kunyesha siku ya tano. Ekari kumi na mbili za mkulima zilikuwa tayari, na za jirani watatu. Jirani wa nne hakuwahi. Akarudishiwa fedha zake, naye akangoja mpaka udongo ukakauka kidogo. Siku zile zilizopotea ndizo zilizomnyima nafasi yake, wala hazikupotea kwa sababu ya pampu, ila kwa kitambaa cha shati.

Pampu yenyewe bado iko ubavuni mwa injini, haijafunguliwa. Ile shati kuukuu mama wa nyumba aliichukua, akaifanya ya kupigia deki.